Makomeo Sita

Alhamisi, tarehe 3, mwezi wa nne

Mke wangu amenipa daftari hili. Amesema amechoka kunisikiliza nikinung'unika, kwa hiyo nikainung'unikie karatasi.

Haya basi. Leo ni siku ya sita tangu mto uingie mtaani kwetu. Umeondoka na karakana yangu, meza ya randa, mbao zilizokuwa zimekauka vizuri kabisa, na milango miwili ya mteja. Sisi tulitoka na tulichovaa na sanduku langu dogo la vifaa. Tuko kwenye chuo kimoja mlimani, watu mia nne na ushei, tumetenganishwa madarasani kwa mapazia ya mashuka. Darasa letu lina familia tano. Kwetu tuko watatu: mimi, mke wangu, na mama yangu, ambaye macho yake yamechoka lakini anasikia mpaka unachowaza.

Mama alifika hapa mgongoni mwa mtu. Maji yalipofika kiunoni nilikuwa nimemshika mke wangu, na mama amekaa juu ya meza anasali. Jirani wa mtaa wa nyuma, mwenye duka la vifaa vya umeme, akaingia, akambeba kama mtoto, akavuka naye barabara nzima mpaka pakavu. Hapa kambini watu wamemchagua awe Mwenyekiti, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Jumamosi, tarehe 5

Mvua. Uji. Mvua.

Jumatatu, tarehe 7

Kuna msichana wa shirika la misaada anapita darasa kwa darasa na makaratasi, anawauliza wanawake maswali. Tumempa jina la Binti Dodoso. Leo alimuuliza mke wangu, "Hapa kambini ni wapi unaogopa kwenda?" Mke wangu hakufikiri hata kidogo. "Bafuni," akasema.

Mabafu ya wanawake yako nyuma ya jiko, vyumba sita vya mabati vyenye milango ya mbao. Hayana makomeo. Wanawake wanakwenda wawili wawili: mmoja anaoga, mwingine anashikilia mlango. Nimeoa miaka thelathini na moja, na siku zote hizi mke wangu anashikilia mlango, nami sijui.

Binti Dodoso akaja kuniuliza kama naweza kufunga makomeo. Nikamwambia paa la jiko linavuja, hiyo ndiyo kazi ya haraka.

"Fundi," akasema, "paa likivuja watu watalowa. Tuanze na makomeo."

Hakupandisha sauti. Nimeona ana kiburi.

Jumanne, tarehe 8

Makomeo sita nimeyafunga kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti amenisifu mbele ya watu. Baadaye tukacheza drafti, akanifunga mara mbili.

Jumamosi, tarehe 12

Amefika binti mmoja peke yake, cherehani kichwani, amelowa chepechepe, lakini cherehani ameifunga kwa nailoni haina hata tone. Ana miaka kama kumi na tisa. Mama yake alifariki mwaka jana. Ndugu aliyebaki ni mama mdogo, naye yuko ng'ambo ya mto, na daraja limekwenda na maji.

Mke wangu alimtazama mara moja tu, akasogeza pazia letu. "Weka hapa," akamwambia. Nilipofungua mdomo kusema nafasi ni finyu, mama akaniwahi: "Wewe mwenyewe unalala kama watu wawili. Jikunje."

Nimejikunja. Binti huyo watu wameshaanza kumwita Mshonaji.

Jumanne, tarehe 15

Makomeo mawili hayapo, yamefunguliwa. Watoto hawa wanapenda kuchezea vyuma. Nimefunga mengine.

Alhamisi, tarehe 17

Mwenyekiti ameniomba tena bisibisi, eti taa ya stoo inasumbua. Mshonaji ameshona mifuko ya suruali yangu yote miwili bila kuombwa. Mama anasema mshono wake ni mrefu mno. Wamebishana.

Ijumaa, tarehe 18

Mengine matatu yamepotea. Safari hii niliinama nikayaangalia matundu. Mtoto akichokoa skrubu kwa kijiko au kwa kisu, mbao huchanika pembeni. Matundu haya ni masafi. Aliyefungua ana bisibisi, na mkono wake unajua kuitumia.

Nimemwambia Mwenyekiti. "Usijipe presha, Fundi," akasema. "Nitaongea na wazazi wa hao watoto." Akanirudishia bisibisi yangu.

Sijui kwa nini nimeyaandika hayo mawili yakafuatana.

Jumatatu, tarehe 21

Mke wangu ameniambia kwamba Mwenyekiti amemwita Mshonaji pembeni. Amemwambia jina lake lina hitilafu kwenye orodha ya magodoro, aende stoo mwenyewe, bila mtu, baada ya chakula cha mchana, walirekebishe. Mshonaji hakwenda.

Nikasema Mwenyekiti ni mtu wa watu, labda anataka kumsaidia tu.

Mke wangu akanyamaza. Kuna kunyamaza kwa kukubali na kuna kunyamaza kwa mtu anayekupima. Nimepimwa.

Jumanne, tarehe 22

Binti Dodoso alikuja kuyaona matundu ya skrubu. Aliandika kila kitu, mpaka namba ya mlango.

"Bisibisi kambini anayo nani?" akauliza.

"Mimi."

"Na huwa anaiazima nani?"

Nikamwambia, "Watu mbalimbali."

Anayeiazima ni mtu mmoja. Lakini ulimi ulikataa kumtaja, maana nilimwona amembeba mama yangu na maji yako kifuani.

Binti Dodoso hakubishana nami. Alasiri alirudi na boksi la bolti na nati. "Nataka kitu kisichofunguka," akasema. Nimetoboa milango yote sita kwa keekee, nikapitisha bolti ubao mzima, nikakaza nati, kisha nikaziponda ncha za bolti kwa nyundo zikatanuka kama uyoga. Hapo hata mimi niliyezifunga siwezi kuzitoa bila msumeno wa chuma. Nilipomaliza nilijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa nusu ya kosa.

Alhamisi, tarehe 24

Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyoambiwa nikumbuke kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi lori la magodoro lilifika getini na kambi nzima ikahamia huko, mke wangu akiwa mmoja wao. Mimi nilibaki kwenye kibaraza cha jiko nikipigilia mguu wa benchi. Mama alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili wa jiko, karibu na mabafu, kwa sababu ukuta ule unatoa joto na mifupa yake inalipenda. Mshonaji aliona siku hiyo hakuna foleni ya kuoga. Akachukua ndoo yake.

Nikasikia mabati yanapigwa. Ni mama, anapiga kwa fimbo yake, mfululizo. Sijawahi kumsikia mama akipiga kitu namna ile. Nilizunguka jiko mbio.

Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa tano. Mkononi ana bisibisi yangu, ile ya mpini mwekundu, niliyompa jana yake bila kuuliza ni ya nini. Komeo lilimshinda, kwa hiyo alikuwa amegeukia bawaba. Bawaba zilikuwa zimefungwa kwa nje, kwa skrubu za kawaida, sikufikiria bawaba. Ya chini ilikuwa imeshaning'inia. Skrubu tatu zilikuwa chini, karibu na kiatu chake.

"Afadhali umekuja, Fundi," akasema, akasimama taratibu. "Mlango umemkwamia huyu binti. Nilikuwa namtoa."

Niandike ukweli, maana hili ni daftari langu. Kwa muda wa pumzi mbili nilitaka kumwamini. Ingekuwa rahisi sana. Tungemaliza kazi pamoja, tukaenda kuchukua magodoro, tukacheza drafti. Mdomo wangu ulishafunguka umwambie pole na kazi.

"Mwongo," mama akasema kutoka kwenye kiti.

"Mama yangu, mvua inagonga mabati, hukusikia vizuri."

"Binti amekuambia ondoka, mara tatu. Ukamwambia nyamaza, wote wako getini, hakuna mtu. Sasa mimi ni nini? Ndoo?"

"Mama, ni mimi. Mimi niliyekubeba."

"Ulinibeba, na nimekuombea kila siku tangu siku ile. Mgongo wako niliushukuru, mwanangu. Masikio yangu sikukupa."

Hapo sauti ikatoka ndani, nyembamba kama uzi. "Fundi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Huyo asikae hapo."

Nikamwambia Mwenyekiti aweke bisibisi chini. Akasema tutaelewana, sisi ni ndugu, tumetoka kwenye maji pamoja. Nikamwambia tena aweke chini. Alitazama mkono wangu wa kulia, na mimi nikautazama, ndipo nikajua nilikuja na nyundo. Akaiweka bisibisi juu ya jiwe, akaondoka kuelekea getini, wala hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kupanga foleni.

Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango, uso kwenye mvua. Nikamwambia Mshonaji asifungue mpaka mwenyewe atake, na kwamba mlango hauendi kokote, nimeuegemea. Mama alikuwa anaongea naye kupitia mabati, anamuuliza maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Baridi, akajibu. Basi jipanguse, mama akamwambia, utapata mafua bure.

Mke wangu akaja anahema, na Binti Dodoso nyuma yake. Nikaondoka, wakatandaza shuka mbele ya mlango. Komeo nililisikia likifunguka kutoka ndani. Alilifungua mwenyewe.

Hajaguswa. Naandika tena ili nilale: hajaguswa.

Nilidhani Binti Dodoso ataanza kumhoji. Alimuuliza swali moja tu: "Sasa hivi unataka kukaa na nani?"

"Na bibi," Mshonaji akasema. Akaenda akakaa chini, kichwa magotini kwa mama yangu.

Kwangu ndiko maswali yalikoanzia. Nikayasema yote. Bisibisi nimemwazima mara tatu, na zile mbili za mwanzo makomeo yalipotea ndani ya siku mbili.

"Ulijua?"

"Nilikataa kujua."

Akaandika. Hakuniambia si kosa langu, wala hakuniambia ni kosa langu. Akasema, "Asante kwa kusema leo." Yule niliyesema ana kiburi.

Ijumaa, tarehe 25

Wakati wa uji Mwenyekiti alisimama mbele ya watu wote kabla polisi tuliowaita jana hawajafika. Akasema amechafuliwa jina. Akasema kuna watu aliwabeba mgongoni, leo wanamlipa kwa mateke kama punda. Watu wakaguna. Wengine walinitazama mimi, si yeye.

Mzee mmoja wa darasa la pili akauliza kwa sauti, "Kwani huyo binti alikuwa anaoga mchana wa nini?"

Mke wangu hakunyanyuka hata kutoka alipokaa. "Alikuwa mchafu, baba. Kama wewe ulivyo sasa. Tofauti ni kwamba yeye alijijua."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikalegeza kitu. Mpishi akaweka mwiko chini. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. "Mimi pia aliniita stoo," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Kisha mwanamke mwingine, mwenye mapacha, akasimama. Wa tatu hakusimama wala hakusema, aliinua mkono tu kama mtoto darasani.

Mwenyekiti alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza.

Polisi waliondoka naye mchana. Binti Dodoso hakufurahia yale ya uji. Alituambia mambo haya hayalazimiki kusemwa mbele ya umati, kwamba kila mmoja ana haki ya kusemea faraghani, au kutosema kabisa. Aliwachukua wale watatu mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Mimi nilipewa kazi ya kuzuia watu wasisogelee mlango wa ofisi. Nimezuia kama nguzo.

Jumatatu, tarehe 28

Sasa kuna kamati mpya. Mpishi ndiye mwenyekiti, lakini amekataa jina hilo, anataka aitwe Mpishi tu. Stoo ina kufuli mbili na funguo zinakaa kwa watu wawili. Orodha ya majina imebandikwa ukutani, kila mtu ajisomee hitilafu yake. Taa mbili zimewekwa njia ya mabafuni. Nimehamisha bawaba zote ndani.

Kuna watu hawanisalimii. Na niseme jambo jingine la aibu: leo nililiona lile bao la drafti dirishani na nikamkumbuka. Mtu aliyembeba mama na mtu wa mlango wa tano ni mmoja. Nimejaribu kuwatenganisha, nimeshindwa.

Alhamisi, tarehe 1, mwezi wa tano

Mvua. Mshonaji hali. Anasukuma chakula kuzunguka sahani.

Jumamosi, tarehe 3

Bado hali. Cherehani bado imefunikwa. Mama anamtuma amtungie uzi kwenye sindano, kisha anauchomoa kwa siri, kisha anamtuma tena. Nimemwona. Amenikanyaga mguu nisiseme.

Jumanne, tarehe 6

Leo tumekwenda mjini, kituo cha polisi, Mshonaji aandikishe maelezo. Binti Dodoso alimuuliza mara tatu kama anataka kweli: jana, leo asubuhi, na mlangoni kabisa. Kila mara alimwambia tunaweza kugeuza gari na hakuna atakayeudhika. Mara ya tatu Mshonaji akamjibu, "Dada, ukiniuliza tena nitabadili mawazo kwa ajili ya uchovu." Akaingia.

Aliandikiwa na askari mwanamke, chumba chenye mlango, si pale kaunta. Mama alitoa maelezo yake pia. Askari alimuuliza, kwa adabu, atamjuaje mtu kwa sauti peke yake. Mama akamwambia, "Wewe una jino linalokusumbua upande wa kushoto, na umevaa viatu vya mtu mwingine." Askari akatazama viatu vyake. Akaandika.

Mimi nilieleza habari za bisibisi. Haikuwa rahisi, lakini ilikuwa fupi.

Tulimsubiri Mshonaji kwenye benchi la nje, mke wangu amenishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Saa nzima na zaidi. Alipotoka, macho mekundu, mke wangu akainuka. "Wamesemaje?"

"Wameandika kila nilichosema," akajibu. "Kisha wamenisomea, na ilikuwa vilevile." Akasimama kidogo, kama anayesikiliza jambo ndani yake. "Nina njaa."

Tulikula kwenye mkahawa wa jirani. Alimaliza sahani yake, akaimalizia ya mke wangu, akaiangalia yangu. Nikaisukuma mbele yake.

Jumatatu, tarehe 12

Jua saa mbili nzima. Watu walitoka kulitazama kama mgeni.

Jumatatu, tarehe 19

Binti Dodoso ameleta habari. Mwenyekiti wa zamani yuko rumande, kesi imepangiwa tarehe, na wale wanawake watatu nao wameandikisha maelezo, kila mmoja kwa hiari yake. Mke wangu aliposikia alikaa chini akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu. Nadhani hakuwa amevinyoosha tangu mwezi uliopita.

Yule mzee wa darasa la pili alikuja na benchi lililovunjika. Alikaa nami mpaka nikamaliza. Alipoondoka akasema, "Yale maneno yangu ya siku ile, Fundi, mwambie mkeo nimeshaoga." Nimemfikishia. Amecheka mpaka ameshika mbavu.

Wanaume wameanza kulalamika kwa Mpishi kwamba wanawake wanakaa mno mabafuni, wanaimba, na ndoo zinachelewa kurudi. Mpishi amewasikiliza mpaka mwisho, akawapa ndoo mbili zaidi, akarudi kwenye mwiko wake.

Jumanne, tarehe 27

Tumerudi. Yaani, tumerudi mahali nyumba ilipokuwa. Kuta tatu zimesimama, ya nne itabidi tuongee nayo. Daraja bado, kwa hiyo Mshonaji atakaa nasi mpaka njia ya kwa mama yake mdogo ifunguke, au mpaka atuchoke. Binti Dodoso amemwandikia namba ya kupiga, na amesema atakuja kabla ya tarehe ya kesi. Nilimshukuru. Nilitaka kusema zaidi, nikaishia kumuuliza kama mlango wa ofisi yake unafunga vizuri.

Tulipanda lori asubuhi, mimi nimebanwa katikati. Kushoto kwangu Mshonaji na cherehani mapajani, kulia mama. Hata hatujatoka getini, mama akaushika upindo wa gauni ambalo Mshonaji alimshonea juzi, akaupitisha vidoleni, akasema mshono bado mrefu. Mshonaji akasema mshono mfupi unakula uzi bure. Mama akasema uzi si wake. Mshonaji akasema basi bibi angeshona mwenyewe. Mama akasema angekuwa na macho angeshona gauni na lori pia. Wamekwenda hivyohivyo njia nzima, juu ya kichwa changu, sauti zikipanda kila shimo, na Mshonaji akicheka katikati ya maneno yake mwenyewe.

Mke wangu, aliyekaa nyuma yetu, akaniinamia sikioni. "Waambie wanyamaze."

Sikuwaambia. Sikutaka wamalize.